Kazeh, Kwikuru na HDMI-1: Historia ya Majina ya Njiani

Tarehe 7 Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Unyanyembe na msafara wao uliotoka pwani, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Mahali walipofikia Burton alipaandika kwa jina la Kazeh, akaeleza kwamba si mji wenye mitaa, bali ni tembe zilizotawanyika kati ya mashamba na bustani. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1860, jina hilo lilisambaa Ulaya na kuchorwa kwenye ramani katikati ya bara. Speke alipopita tena na James Grant mwaka 1861, naye alilitumia. Kisha Juni 1871 akaja Henry Morton Stanley kwa njia ileile, akimtafuta Livingstone, na mji uitwao Kazeh hakuuona. Aliukuta Tabora, ambao aliukadiria kuwa na vibanda na tembe zaidi ya elfu moja na watu wapatao 5,000. Alipelekwa Kwihara, ng'ambo ya vilima, akapewa nyumba ya kukaa. Akaelezwa habari za Kwikuru, kwa Mtemi Mkasiwa. Haikuwa imetimia miaka 14 tangu Burton aondoke, na jina walilolijua wasomaji wa London kuliko jina jingine lolote la Unyamwezi halikuwa na mji wa kulibeba.

Ni rahisi kusema Burton alikosea, lakini Burton alikuwa hodari wa lugha na alikaa Unyanyembe zaidi ya mwezi mzima. Kinachoelekea kuwa kweli ni kwamba Kazeh lilikuwa jina la sehemu ile ambako wageni kama yeye walipokelewa na kuwekwa. Kwa mtu aliyeingia kwa mlango huo, jina hilo lilikuwa sahihi kabisa. Kasoro ilianza pale jina la mlango lilipochukuliwa na wachora ramani likafanywa jina la nchi iliyo nyuma ya mlango. Naamini kisa hiki kinaeleza vizuri sana jambo ambalo mifumo endeshi ya kompyuta imehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 30: skrini iliyochomekwa kwenye kompyuta iitweje, na kesho itajulikanaje kuwa ndiyo ileile ya jana? Kitu kinaweza kupata jina kutokana na mahali kilipoungwa, kutokana na cheo kinachoshika, au kutokana na nafsi yake. Majina yote matatu ni halali. Vurugu huja pale jina la aina moja linapopewa kazi ya aina nyingine, na historia ya skrini ni historia ya kosa hilo kurudiwa na wahandisi, kizazi baada ya kizazi.

Tukae kwanza Unyanyembe, maana huko mambo haya yalikuwa ya uhai na mauti. Tabora ilikuwa njiapanda. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, na ikifika hapo iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Wapagazi wa Kinyamwezi walizijua kwa miguu yao. Mahali penye watu wengi wanaokuja na kuondoka namna hiyo hapawezi kukaa bila majina ya kuelekezana, na njia nzima ilikuwa na desturi ya kukiita kijiji kwa jina la anayekitawala. Desturi hiyo ilimfaa msafiri wa mwaka huohuo, kwa sababu ilimwambia moja kwa moja atamlipa nani hongo. Lakini mtawala alipokufa au kufukuzwa, msafara uliofuata ulikuta kijiji kilekile kwa jina jingine, na kitabu cha mgeni wa awali kikawa hakisomeki. Mara chache jina la namna hiyo liliganda: Urambo hadi leo ni mji wenye jina la Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, ingawa yeye mwenyewe aliyaita makao yake Iselamagazi.

Jina la cheo lilikuwa na matata makubwa zaidi. Kwikuru ni pale anapokaa mtemi, na kila mtemi alikuwa na kwikuru yake. Basi anayeuliza njia ya kwenda Kwikuru anauliza ni nani anayetawala sasa, na jibu la swali hilo Unyanyembe lilibadilika kwa damu. Mtemi Fundikira alifariki karibu na mwaka 1858 na Mnwa Sele akashika utemi. Mnwa Sele alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu walipe ushuru kwa bidhaa zao, nao wakamwondoa kwa vita na kumweka Mkasiwa. Kwa miaka kadhaa palikuwa na mtemi aliyekaa katika makao na mtemi aliyezunguka porini akidai haki yake. Speke alikutana na huyu wa pili ana kwa ana. Katika miaka hiyo neno mtemi wa Unyanyembe, bila jina la mtu, halikumtosha yeyote aliyetaka kujua anazungumza na nani. Baadaye Wajerumani waliona ugumu huohuo. Katika habari zao za vita vya Januari 1893, ngome ya Mtemi Isike, aliyejilipua kwa baruti kuliko kukamatwa na askari wa Tom von Prince, iliandikwa Quikuru kwa Sike. Walilazimika kuongeza jina la mwenye cheo juu ya jina la cheo ili ijulikane ni ipi.

Lipo pia jina la tatu, Itetemia. Hili ndilo jina linalostahili kuangaliwa sana. Burton, alipotaja makao ya Fundikira, aliandika Ititenya. Sikio la mgeni limepotosha herufi mbili tatu, lakini yeyote wa Tabora akiliona ataelewa ni wapi panapotajwa. Watemi walikuja na kuondoka, misafara ikakoma, reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912, jeshi la Wabelgiji likauteka mji Septemba 1916, wakaja Waingereza, ukaja uhuru ambapo Abdallah Said Fundikira wa ukoo huohuo alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika. Itetemia ikabaki Itetemia, na leo ni kata ndani ya Manispaa ya Tabora. Jina hilo halikumtegemea anayetawala wala upande ambao mgeni alitokea. Lilikuwa la ardhi yenyewe, likatamkwa na wenyeji wake, na kwa hiyo hata lilipoandikwa vibaya liliweza kutambulika.

Tukirudi kwenye kompyuta, zile za mwanzo hazikuwa na hata uwezo wa kuiuliza skrini jina lake. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na swichi ndogo kwenye bodi yake, na fundi alizipanga kwa mkono kuieleza mashine imefungiwa skrini ya aina gani. Mashine iliamini ilichoambiwa na fundi, na skrini haikuwa na neno. Mwaka 1987 IBM ilipoleta VGA, pini chache za plagi zilitengwa ili skrini iweze kutoa ishara ya aina yake, ya rangi au isiyo ya rangi. Hiyo ilikuwa hatua, lakini ishara ya aina inasema tu kwamba hapa pana kijiji, haisemi ni kijiji gani. Mapinduzi yalikuja mwaka 1994, pale VESA, umoja wa makampuni unaoweka viwango vya picha za kompyuta, ulipotoa utaratibu unaoitwa EDID. Kuanzia hapo kila skrini ilipaswa kubeba ndani yake kumbukumbu ndogo ya baiti 128, na kompyuta huisoma kupitia nyaya mbili zilizomo ndani ya kebo ileile ya picha.

Inafaa kuijua kumbukumbu hiyo, kwa sababu imebana mambo mengi katika nafasi finyu. Huanza kwa baiti nane zisizobadilika, ili msomaji ajue ameanza mahali pake. Zinafuata baiti mbili zenye herufi tatu za mtengenezaji, halafu namba ya modeli, halafu baiti nne za namba ya mfululizo, ambayo inatakiwa kuitofautisha skrini hii na ndugu zake waliotoka kiwanda kimoja. Kisha wiki ya kutengenezwa na mwaka wake, ambao huhesabiwa kuanzia 1990. Mbele zaidi huwa na nafasi ya jina la kusomwa na binadamu, lisilozidi herufi 13, pamoja na vipimo vya picha ambavyo skrini inaweza kuonyesha. Baiti ya mwisho ni ya ukaguzi: baiti zote zikijumlishwa lazima jumla igawanyike kwa 256 bila kubaki kitu, la sivyo ushahidi umeharibika njiani. Na majina haya yana ukaidi wa majina ya ardhi. Skrini za LG hujitambulisha mpaka leo kwa herufi GSM, zilizotokana na GoldStar, jina la kampuni hiyo kabla ya mwaka 1995. Kampuni ilibadili jina sokoni, lakini ndani ya kumbukumbu ya skrini jina la zamani halikuguswa, na ni vyema halikuguswa, maana programu zote zinazolijua zingepotea.

Ungetegemea basi kwamba kuanzia 1994 mifumo endeshi ingeziita skrini kwa yale zinayosema zenyewe. Haikuwa hivyo. Windows 98, iliyoleta kwa watu wa kawaida uwezo wa kutumia skrini zaidi ya moja, ilizipa majina ya DISPLAY1 na DISPLAY2, yaani namba za njia za kutolea picha kwenye kadi. Juu yake kuna cheo cha skrini kuu, ambayo ndiyo kwikuru ya kompyuta, maana ndipo huonekana vitu vya msingi, na cheo hicho mtumiaji anaweza kukihamisha wakati wowote. Skrini ambayo mfumo hauna maelezo yake maalumu huandikwa tu kuwa ni skrini ya kawaida ya kuchomeka. Ilipofika Windows 7, mwaka 2009, watunga programu walipewa njia nzuri ya kuuliza jina linalotoka kwenye EDID, lakini DISPLAY1 haikufutwa, na programu nyingi ziliendelea kuitegemea.

Upande wa Linux kosa lilionekana waziwazi zaidi kwa sababu majina yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 2007 mfumo wa X, unaochora madirisha kwenye skrini, ulipata toleo la 1.2 la nyongeza yake ya RandR, na kila tundu la kutolea picha likawa na jina. Jina hilo lilitungwa na kiendeshi cha kadi, na kila kiendeshi kilikuwa na mila yake. Kiendeshi cha Intel kiliandika HDMI1, kile cha jumla kiliandika HDMI-1, na kiini cha Linux chenyewe huandika HDMI-A-1. Tundu ni moja, mashine ni moja, majina ni matatu. Katikati ya miaka ya 2010, wasambazaji wakubwa wa Linux walipoacha kiendeshi cha Intel na kuchukua kile cha jumla, faili za mipangilio ambazo watu walikuwa wameziandika kwa HDMI1 ziliacha kufanya kazi. Waya haukuchomolewa na skrini haikusogezwa hata kidogo. Aliyebadilika ni mtoa majina, na hilo lilitosha. Mambo yakazidi kuwa magumu kwa DisplayPort 1.2, kiwango kinachoruhusu skrini kadhaa kufuatana kwenye waya mmoja, kwa sababu matundu yenyewe sasa huzaliwa na kufa kadiri vifaa vinavyochomekwa. DP-1-1 ya asubuhi inaweza kuwa DP-2-1 ya jioni.

Kuna watakaosema mtumiaji wa kawaida hahitaji haya yote. Anataka kuona moja na mbili zikitokea kwa maandishi makubwa kwenye skrini zake, azipange kulia na kushoto, aendelee na kazi. Ni kweli, na kwa dakika ile namba zinatosha. Msafara uliofika Unyanyembe nao haukuhitaji zaidi ya kuambiwa wageni wanashukia wapi. Lakini mtumiaji yuleyule anatarajia kesho akifungua mashine akute mpangilio wake, rangi alizorekebisha, na ukubwa wa maandishi aliouchagua kwa ajili ya macho yake. Yote hayo ni ahadi kuhusu kesho, na namba ya tundu haiwezi kuitunza ahadi hiyo. Mwalimu anayechomeka projekta ya darasani katika tundu ambalo jana lilikuwa na skrini ya ofisini hastahili kupewa vipimo vya skrini ya ofisini.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Wahandisi wengi watajibu kwamba tundu angalau halidanganyi, ilhali EDID hudanganya mara nyingi. Wana ushahidi. Zipo skrini ambazo namba yao ya mfululizo ni sifuri, na za kompyuta mpakato ndizo zinazoongoza. Zipo modeli nzima zilizotoka kiwandani na namba moja, kwa hiyo skrini mbili zilizonunuliwa pamoja hujitambulisha kama skrini moja. Vigeuzi vya bei rahisi vya kuunganisha VGA na HDMI, ambavyo katika ofisi zetu zenye vifaa vya mitumba ni vya lazima, huweza kumeza kumbukumbu hiyo au kuweka yao badala yake. Siwezi kulipuuza jambo hili. Ila ninaona kwamba pingamizi lenyewe linaonyesha njia: shahidi asiyetosha peke yake huongezewa shahidi wa pili, hafukuzwi. Skrini mbili pacha zikitokea, hapo ndipo tundu liitwe kuzitenganisha. Wajerumani walipoandika Quikuru kwa Sike walifanya hivyo hivyo, jina moja likasaidia lingine bila kulifuta.

Kinachohitaji uangalifu ni mpangilio wa mashahidi. GNOME, inayotumika katika Linux nyingi, huhifadhi mambo manne katika faili la monitors.xml: tundu, mtengenezaji, modeli na namba ya mfululizo. Huo ni uangalifu wa kusifiwa. Lakini huyataka yote manne yalingane, kwa hiyo ukihamisha kebo kutoka tundu moja hadi jingine, skrini uliyoitumia mwaka mzima huhesabiwa kuwa mgeni. Hapo tundu limepewa kura ya turufu lisiyostahili. Sway, programu nyingine ya Linux ya kupanga madirisha, imefanya vizuri zaidi kwa kumruhusu mtumiaji kuandika mipangilio kwa mtengenezaji, modeli na namba ya mfululizo, asilitaje tundu kabisa. Nao waliotunga Wayland, utaratibu mpya unaochukua nafasi ya X, walipoongeza jina la skrini katika toleo la 1.20 mwishoni mwa mwaka 2021, waliandika wazi kwamba jina kama HDMI-A-1 halidhaminiwi kudumu baada ya kikao kimoja cha kazi, na wakaweka maelezo ya kusomwa na binadamu kando yake. Onyo la namna hiyo lingekuwa limeandikwa pembeni ya neno Kazeh, wachora ramani wangeokoa wino mwingi.

Mtu anaweza pia kuuliza iwapo ni halali kulinganisha mji na skrini, kwa kuwa mji hauhami. Unyanyembe inatufundisha kwamba ulihama, kwa maana inayohusika hapa. Makao ya mtemi yalihama na mtemi, kijiji kilibadili jina na kiongozi wake, na sehemu ya kupokelea wageni ilipopoteza wenyeji wake waliozoeleka ilipoteza na sifa yake. Kilichobaki mahali pake ni ardhi na jina ambalo wenyeji waliiita. Katika skrini, kinachobaki mahali pake ni kile kiwanda kilichokiandika ndani, hata kama kebo, tundu, kadi na mfumo endeshi vyote vimebadilishwa.

Kwa hiyo lawama ya mwisho siielekezi kwa watunga mifumo endeshi. Wao, polepole, wamejifunza kusikiliza. Ninaielekeza kwa viwanda. Baiti nne za namba ya mfululizo zimekuwepo katika EDID tangu toleo la kwanza la mwaka 1994, nazo zinatosha namba zaidi ya bilioni 4, ambazo hakuna modeli ya skrini iliyokaribia kuzimaliza. Kuijaza nafasi hiyo hakuhitaji kifaa kipya wala waya wa ziada, kwa kuwa namba yenyewe tayari imechapwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya skrini. Kiwanda kinachoiacha sifuri, au kinachorudia namba moja kwa maelfu ya skrini, kimezembea, na mashirika ya umma yanayonunua skrini kwa mamia yana uwezo wa kuliweka sharti hilo kwenye zabuni zao: kila skrini itaje namba yake mwenyewe, isiyorudiwa, kompyuta inapouliza.